Dawa Iliyokufa Kivukoni

Kwenye hafla ya kuniaga mwezi uliopita, mgeni rasmi alisimama na soda mkononi akasema kwamba katika miaka yote niliyofanya kazi ya mifugo hakuna mtu aliyewahi kuniona nikilia. Watu wakapiga makofi. Nikapewa kitenge na saa ya ukutani, nikashukuru, nikakaa. Lakini maneno yale yalinikera mpaka nyumbani na yananikera hata sasa ninapoandika. Wiki mbili kabla ya hafla hiyo, binti mmoja wa ofisini, mwenye mkono mwepesi wa sindano kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, alilia mbele za watu baada ya kuwamaliza punda watatu waliogongwa na lori. Mtu huyohuyo wa soda alimwita pembeni akamwambia afikirie upya kama kazi hii inamfaa.

Kwa hiyo mimi ndiye mfano, na yeye ndiye somo. Haya. Nyinyi wadogo zangu wa kazini mliniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi, na mlitaraji mawaidha ya mama mtu mzima. Vyeo sitavigusa, vilikuja kwa kuchelewa kama kila kitu cha serikali. Nitaandika kuhusu huko kutokulia kwangu, kisha mtaona wenyewe kama kulistahili makofi.

Nilifika Ifakara mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na cheti kipya na buti zilizonizidi namba mbili, kwa kuwa bohari haikuwa na buti za mwanamke. Mimi ni Mpogoro wa Mahenge. Kwetu tulilima mahindi na kusali, na mnyama mkubwa kuliko wote nyumbani alikuwa mbuzi wa baba. Ng'ombe nilimjua chuoni, yule wa kwenye kitabu, anayesimama ubavu huku mishale ikionyesha viungo vyake. Wa bonde la Kilombero hawakuwa na tabia ya kusimama ubavu.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Severini, msaidizi wa mifugo wa siku nyingi, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua hata kanisani mpaka padri amtazame. Siku ya kwanza alifungua sanduku la vifaa akaanza na kipimajoto.

"Hiki kifunge uzi," aliniambia, "na uzi uufunge kwenye mkia. Serikali ina vipimajoto vichache, na ng'ombe ana njia ndefu."

Siku hiyohiyo alinifundisha kumgusa mnyama nyuma ya sikio kabla ya kumgusa popote, na kuchemsha sindano zetu za kioo na chuma kwenye sufuria isiyopikiwa kitu kingine. La tatu lilikuwa kutomuuliza Msukuma ana ng'ombe wangapi. Kwao kumhesabia mtu mifugo yake ni kumtakia mabaya, na ukiuliza utapewa namba ya adabu tu. Yeye alikuwa na dawa ya jambo hilo. Alitia punje za mahindi mfuko wa kulia, akasimama karibu na lango la zizi asubuhi kama mtu anayeota jua, na kila ng'ombe aliyetoka alihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Nilitumia njia hiyo mpaka nilipostaafu. Takwimu zangu nyingi zilizosomwa mikutanoni zilitoka kwenye mifuko ya gauni.

Lakini kuna jambo hakunifundisha, wala chuo hakikunifundisha. Mwaka wangu wa kwanza tuliitwa kijiji cha Kisawasawa. Fahali wa kulimia alikuwa ameanguka kwenye mtaro akavunjika mguu wa mbele, mfupa uko nje. Mwenyewe, mkulima wa makamo, aliomba amshike kichwa. Akamshika, akawa anamwambia maneno ya taratibu kwa Kindamba mpaka tukammaliza. Kisha akanishukuru. Nilirudi kwa baiskeli, na njia nzima niliyasikia maneno yale ya Kindamba. Tulipofika Mzee Severini aliwasha jiko akaanza kuchemsha sindano, ingawa tulikuwa tumezichemsha asubuhi. Baadaye niligundua kwamba kila mnyama anapomfia mkononi huchemsha sindano zote, hata ambazo hazijatumika. Sindano za ofisi yetu zilikuwa safi kuliko za hospitali, na wakaguzi walitusifu kwa usafi.

Kisha ikaja homa ya mapafu ya ng'ombe. Kama hamjaiona, shukuruni. Mnyama hukonda, hukohoa anapoinuka asubuhi, halafu inafika siku anasimama tu, shingo ameinyoosha mbele, miguu ya mbele ameitanua, mdomo wazi, anavuta pumzi kwa kelele. Hali, hanywi. Kazi yake yote ni pumzi.

Wakati huo Wasukuma walikuwa wameshaingia bondeni na mifugo yao, na maneno juu yao yalikuwa mengi kuliko ng'ombe wenyewe. Sisi wenyeji tulisema wanamaliza nchi. Nami nilisema hivyo, mpaka nilipoanza kushinda mazizini mwao. Upande wa Lupiro, ng'ambo ya mto, wenzetu hawakutosha, nikaazimwa huko kwa ajili ya kampeni ya chanjo. Boma kubwa la eneo lile lilikuwa la Mzee Masanja. Nilipofika mara ya kwanza alitazama nyuma yangu kumtafuta bwana mifugo.

"Mayu, umekuja na nani?" Mayu kwao ni mama, na humwita hivyo hata msichana wakimheshimu.

"Shikamoo mzee. Nimekuja na baiskeli."

Alicheka mpaka mkewe, Mama Kabula, akatoka ndani kutazama kulikoni. Tangu hapo nikawa mtu wa boma lile. Masanja alikuwa mtu wa maneno machache na kila ng'ombe wake alikuwa na jina. Hakuwa na kitu kingine duniani. Mahari za wanawe, chakula cha mwaka wa mvua mbaya, heshima yake mbele ya watu, vyote vilikuwa vimesimama kwa miguu minne mle zizini.

Ugonjwa ulipofika boma la tatu kutoka kwake, nilimkuta anafunga mizigo.

"Nawahamisha kesho," alisema. "Nawapeleka juu ya mto, mbali na watu."

"Mzee, ukiwahamisha utakutana na ugonjwa njiani. Ngoja chanjo, inakuja wiki ijayo."

"Unasema wewe au inasema ofisi?"

"Nasema mimi."

Alitazama zizi lake. "Basi nimekuamini wewe. Ofisi siijui." Akafungua mizigo.

Chanjo ile ni kitu hai kilichokaushwa. Inataka baridi tangu inapotoka mpaka inapoingia kwa ng'ombe, ikipata joto inakufa, na ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Tuliondoka Ifakara alfajiri, mimi na mkuu wetu, kwa Landrova, kasha limejaa barafu tuliyoomba kwa masista. Tulipofika kivukoni mto ulikuwa umefura. Maji yalikuwa yanakokota miti mizima, na kivuko hakikuthubutu. Tukakaa. Saa nne barafu ilikuwa imekwisha. Nilifunika kasha kwa magunia yaliyoloweshwa, nikaliweka chini ya gari, nikawa nalihamisha kufuata kivuli. Tulivushwa alasiri. Nilipofungua kasha upande wa pili, maji ya ndani yalikuwa ya kuogeshea mtoto mchanga.

"Mkuu," nilisema, "dawa imekufa."

"Nani ameiona ikifa?"

"Maji haya hapa, weka mkono."

Hakuweka. "Dawa nyingine haipo mpaka mwezi ujao. Huko juu wanataka idadi ya waliochanjwa, hawataki habari za barafu. Wafugaji wamekusanyika tangu asubuhi. Utawaambia nini? Kazi yako ni kuchoma."

Nikachoma.

Nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja nyumbani. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye kitengo, na nikikataa ningeambiwa nimeshindwa na mafahali. Nilikuwa nimeona wenzangu wakihamishwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Hizo ndizo sababu zangu, nimezipanga na kuzipangua miaka yote hii, na bado hazitoshi. Familia nne zilileta ng'ombe kwa Masanja siku ile, wachanganyike na wake kwenye foleni. Tuliwapitisha kwenye njia nyembamba ya miti mmoja mmoja, nikawachoma maji yenye maiti ndani yake, na kila aliyechomwa tukamtoboa sikio kuwa alama kwamba amekingwa. Punje zilipoisha mfuko wa kulia nilianza kuzirudisha. Tulipomaliza, Mama Kabula aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Masanja akasema, "Wabeja, mayu," asante mama, na nikanywa yote, maana kukataa ni kutukana.

Mnadhani uovu wa siku ile uliishia kwenye sindano? Haukuishia. Wasukuma wana desturi moja ambayo ningependa sisi wa Mahenge tuwe nayo: ndugu akipatwa na shida, ng'ombe wake unawapokea zizini kwako, leo yeye kesho wewe. Wiki chache baadaye shemeji yake Masanja, ndugu wa Mama Kabula, jina lake Jilala, alifika na ng'ombe wake wachache akikimbia ugonjwa uliozuka kwa jirani zake. Kwa uangalifu aliokuwa nao, Masanja angewatenga ng'ombe wale kando kwa miezi kadhaa. Lakini wake walikuwa na alama masikioni. Akafungua lango akasema, "Ingiza. Wangu wamechomwa, hawana hofu."

Miezi miwili haikuisha. Nilipoitwa, nilisikia kikohozi kabla sijashuka kwenye baiskeli. Walikuwa wamesimama kila pembe ya zizi, shingo mbele, miguu imetanuka, na kila sikio lilikuwa na tundu langu. Amri ilikuwa kuwachinja waliozidiwa ili kuokoa waliobaki. Masanja aliwaita kwa majina mmoja mmoja walipokuwa wakitolewa. Nilisimamia kazi hiyo siku tatu na sikulia, mgeni rasmi wetu angefurahi.

Wafugaji wengine walianza kunung'unika kwamba mkono wa mwanamke umeharibu dawa. Mkuu alikuwa ameniagiza cha kusema, nami nikakisema: chanjo haikingi wote. Ni neno la kweli, liko vitabuni, na siku ile lilikuwa uongo mtupu kinywani mwangu. Masanja akasimama akanitetea.

"Huyu alikuja na jua la alasiri, akatuchomea mpaka jioni bila kupumzika," aliwaambia. "Asilaumiwe. Ng'ombe waliochomwa hawafi hivi. Hapa pana mkono wa mtu."

Akamgeukia shemeji yake. Kwa hesabu yake, homa isingewaweza ng'ombe wenye alama, kwa hiyo kuna kitu Jilala alikuja nacho, kwa wivu, kwa chuki ya zamani, mwenyewe ajua. Jilala aliapa, akalia, hakusikilizwa. Alifukuzwa jioni ileile. Mama Kabula akaambiwa achague, naye akamchukua mtoto wake wa mwisho akamfuata kaka yake. Ndoa ya miaka ishirini ilivunjika mbele yangu, na mimi nilikuwa na chupa tupu za dawa ile ndani ya sanduku.

Mwezi huo ofisi ilipongezwa. Idadi yetu ya ng'ombe waliochanjwa ilikuwa nzuri kuliko ya jirani zetu. Mkuu alinipa mkono mbele ya wote.

Mimi nilikuwa siwezi tena kumeza maziwa. Nilimfokea mume wangu kwa sababu ya chumvi. Mtoto akikohoa nilitoka nje nikasimama uani mpaka anyamaze, mama gani anafanya hivyo? Kazini nilikuwa hodari. Nilichoma, niliandika, nilisaini. Mkiona mwenzenu amekuwa hodari ghafla namna hiyo, msimsifu. Mkalisheni chini mumuulize amefanya nini au amefanywa nini.

Mwishowe nilikwenda kwa Mzee Severini, aliyekuwa ameshastaafu akiishi mtaa wa Viwanja Sitini. Nilimweleza yote, uani kwake, akiwa anachambua mchele. Nilitaka aniambie kwamba haikuwa kosa langu. Hakuniambia.

"Na mimi ninao wangu," alisema. "Zamani, dawa ya josho tuliizimua mno ili ifike mwisho wa mwaka. Kupe hawakufa, ndama ndio waliokufa. Nikasema wafugaji hawakuogesha vizuri."

"Ukafanyaje?"

"Nilinyamaza. Nilidhani nitasahau, binti yangu. Wenye ndama wote wameshakufa sasa na sina tena wa kumwambia. Wewe wako wapo hai."

Kesho yake nilivuka mto. Masanja alikuwa shambani kwa mtu mwingine, anapalilia mpunga kwa kibarua, yeye ambaye nilimkuta akiwa na zizi lisilohesabika. Tuliketi kwenye tuta. Nilimwambia: barafu iliyeyuka kivukoni, dawa ilikufa, nilijua, nikachoma. Mashamba ya mbali watu walikuwa wakifukuza ndege wa mpunga.

"Ulijua kabla ya kuchoma au baada?" aliuliza.

"Kabla."

"Kabla ya ng'ombe wa kwanza?"

"Kabla ya wa kwanza, mzee."

Nilitegemea anipige, na ningemwona ana haki. Aliinuka akafuta jembe, akaliegemeza kwenye mti. "Jilala nilimwita mchawi mbele ya watu," alisema. "Twende. Utayasema hayo kwake, na kwa mama watoto, kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia."

Tulikwenda kwa baiskeli mbili mpaka alikohamia Jilala. Nikasema tena yote, nimesimama, hakuna aliyenipa kiti. Jilala alinisikiliza akitazama chini, kisha akaingia ndani akafunga mlango, na sikumwona tena siku hiyo. Masanja alipiga magoti nje ya mlango ule, mtu mzima mwenye mvi, akaanza kuomba radhi kwa Kisukuma. Mama Kabula alibaki ananitazama.

"Maziwa yangu uliyanywa," alisema.

"Niliyanywa, mama."

"Na wale wengine wanne walioleta ng'ombe siku ile, umewaambia?"

"Bado."

"Sasa unalia nini kwangu? Hujamaliza."

Ndiyo, nililia. Andikeni hilo kwenye hotuba zenu. Nililia kwenye kiwanja cha watu niliowavunjia nyumba, na Mama Kabula hakunifariji, na alifanya vema. Baada ya mavuno nilisikia amerudi kwa mumewe. Jilala hakurudi kwenye lango lile tena.

Mkuu alipopata habari aliniandikia barua ya onyo kwa kuchafua jina la ofisi na kuvuruga wafugaji. Iko sandukuni mwangu. Kwenye barua ile yenye kurasa mbili hakuna neno barafu, na hakuna neno ng'ombe. Yeye aliendelea na kazi, alipanda, alistaafu kwa heshima, na kwenye hafla yake pia palikuwa na soda. Hilo bado linaniumiza rohoni na sioni sababu ya kulificha kwa kuwa nimezeeka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kazini ni mmoja. Dawa ikipata joto, imwageni. Imwageni chini mbele ya mkuu na mbele ya mfugaji, watu waione ardhi ikilowa, halafu muhamishwe, mfukuzwe, liwalo na liwe. Barua ya onyo mtu anaishi nayo. Hili jingine mimi nimeishi nalo lakini simshauri mtu. Na yule binti wa punda, mwacheni alie. Mleteeni maji ya kunawa, kaeni naye, kesho atachoma sindano vizuri tu. Wa kuogopwa ni sisi tusiolia.

Nilizunguka siku tatu kuwatafuta wale wanne. Wawili walinifukuza, mmoja wao akinirushia gogo la kuni. Wa tatu alinipa kiti na uji, akasikiliza, akaniambia nisirudi. Wa nne alikuwa ameshahama na mabaki ya mifugo yake, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwingine, mara Usangu, mara Rukwa, mara kusini huko Lindi. Nimemuulizia kwenye minada na kwa madereva wa malori ya ng'ombe mpaka mwezi wangu wa mwisho kazini.

Nyinyi mnatawanywa nchi nzima, mnafika mazizi nisiyoweza kufika tena kwa magoti haya. Anaitwa Maduhu. Ana kovu la moto mkono wa kushoto, na alipoteza ng'ombe wengi upande wa Lupiro baada ya chanjo. Nasikia mpaka leo anawaambia watu kwamba zizi lake liliharibiwa na kaka yake wa tumbo moja, na kwamba hajamsalimia tangu hapo. Mkimpata, au mkimpata mwanawe, mwambieni kaka yake hakufanya kitu. Mwambieni dawa ilikuwa imekufa na aliyechoma alijua. Jina langu litajeni.